Nani Anaandika? Uhakiki wa Maktaba ya Msimbo Isemayo kwa Jina la Mwenye Akaunti

Mhakiki wa Kiswahili akikabidhiwa matini, miongoni mwa maswali ya mwanzo anayofundishwa kuuliza ni hili: nani anasema? Tunatenganisha mtunzi na msimulizi, mshairi na nafsineni, na mwanafunzi anayeandika katika mtihani kwamba Kezilahabi "anasema" maneno yaliyosemwa na mhusika wake hukatwa alama. Ajabu ni kwamba swali hilo hatujaliuliza kuhusu matini tunazozisoma kwa wingi kuliko riwaya yoyote, yaani jumbe za WhatsApp. Siku hizi baadhi ya jumbe hizo huandikwa na programu, huku jina na picha vilivyo juu yake ni vya mtu tunayemfahamu, pengine mama yetu. Katika makala hii ninahakiki mojawapo ya maktaba za msimbo zinazowezesha jambo hilo. Inaitwa Baileys.

Neno maktaba hapa halina maana ya jengo la vitabu. Ni mkusanyo wa vipande vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo mtengenezaji wa programu huviazima badala ya kuanza upya. Baileys imeandikwa kwa lugha ya TypeScript. Ilianzishwa na Adhiraj Singh, na sasa inatunzwa na kundi lijiitalo WhiskeySockets. Ni msimbo huria, kila mtu anaweza kuusoma, nami nimeusoma kwa namna ninavyosoma tamthiliya: mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili na penseli. Kazi yake ni kujifanya kifaa cha pili cha mwenye akaunti. WhatsApp humruhusu mtu kuunganisha hadi vifaa vinne na simu yake kwa kupiga picha msimbo wa mraba unaotokea kwenye skrini. Baileys huingia kwa mlango huohuo. Mbele ya seva za WhatsApp inaonekana kama kivinjari cha kawaida kilichounganishwa na mwenye simu, na kuanzia hapo inasoma kila kinachoingia na kuandika chochote inachoambiwa, kwa jina la mwenye simu.

Mhadhiri mmoja aliposikia mada hii aliniuliza kama nataka kudai kwamba msimbo ni fasihi. Sidai hivyo. Barua ya kawaida pia si fasihi, lakini TUKI walipochapisha barua za Shaaban Robert mwaka 2002 hakuna aliyeona haya kuzihakiki. Ninachodai ni kwamba maktaba hii ni matini inayozalisha matini nyingine, na kwamba zana zetu za uhakiki zinaonyesha ndani yake mambo ambayo waliozoea kuipima kwa kasi na kumbukumbu hawayaoni.

Nianze na muundo. Baileys imegawanywa katika moduli, na moduli hizo hazikupangwa ubavu kwa ubavu kama sura za kitabu cha kiada. Zimemezana. Moduli ya ndani kabisa inafungua mawasiliano na seva na kupatana nayo siri za usimbaji. Inamezwa na ile ya gumzo, ambayo inajua nani yuko mtandaoni. Ziko pia za makundi, za jumbe zinazotumwa, za jumbe zinazopokelewa, za biashara, na kila inayotangulia huwa tumboni mwa inayofuata. Aliyesoma Alfu Lela Ulela anaufahamu mpangilio huu wa hadithi ndani ya hadithi. Uzuri wake ni kwamba anayetaka kuitumia hahitaji kujua kilichomo tumboni. Anaita tabaka la nje tu, kisha anasikiliza matukio: ujumbe mpya umeingia, mtu amejiunga na kundi, mawasiliano yamekatika. Maktaba yenyewe haimjibu mtu. Kila jibu linatoka katika moduli atakazoziongeza mwenye kuitumia, hii ya salamu, hii ya bei, hii ya matangazo.

Nilipofika hapo nilikumbuka barua za zamani za Kiswahili. Nazo zilikuwa za moduli. Mwandishi alianza na salamu, akaendelea na hali yake kuwa njema na wasiwasi wake kuwa kwa mwenzake tu, akapita kwenye "dhumuni la barua hii", akafunga na salamu kwa jamaa wote mmoja mmoja. Wengi hawakuandika wenyewe. Walikwenda kwa mwandishi wa barua mwenye meza yake nje ya posta, wakamweleza shida, naye akaandika "mimi" kwa niaba yao. Kwa hiyo hoja kwamba mashine imetuletea jambo geni, yaani mtu kuandika "mimi" isiyo yake, siikubali. Tofauti iko mahali pengine. Mwandishi wa posta alimsikiliza mwenye barua kabla ya kuandika, na mpokeaji kijijini alijua wazi kwamba mama yake hajui kuandika, hivyo hati ile ni ya mtu mwingine. Pande zote mbili zilijua kwamba kalamu imeazimwa.

Sasa mandhari. Naandika juu ya Nchelenge, ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, kwa sababu huko ndiko nilikoona maktaba za aina hii zikitumika, na kwa sababu mandhari hubadilisha uhakiki. Anayeuza samaki wakavu katika soko la Kashikishi ana wateja wa lugha tatu kwenye simu moja. Wa Mansa na miji ya Copperbelt wanaandika Kibemba kilichochanganywa na Kiingereza. Wa ng'ambo, Pweto na Kilwa ya Kongo, wanaandika Kiswahili cha Katanga. (Msomaji wa pwani asichanganye: Kilwa ya huku si ile ya misikiti ya mawe, ni mji wa ng'ambo, na kisiwa cha ziwani chenye jina hilohilo kiko upande wa Zambia.) Tangu mwaka 2018 kuna pia makazi ya Mantapala, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Nchelenge, waliko wakimbizi waliotoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, na Kiswahili chao kimeingia sokoni kwa nguvu. Mchuuzi anayeamka usiku kupokea chisense, wale dagaa wa Mweru wanaovuliwa kwa taa, hana muda wa kujibu watu arobaini wanaouliza bei ileile.

Njia rasmi ipo. Kampuni ya Meta ina jukwaa la biashara la WhatsApp, lakini linataka biashara itambuliwe, ujumbe wa kuanzisha mazungumzo uandikwe kwa kiolezo kilichokwisha kuidhinishwa, na malipo yafanywe. Mama wa Kashikishi mwenye meza moja haingii humo. Hapo ndipo sifa kubwa ya Baileys inapoonekana, na ni sifa ambayo mhakiki aliyekaa penye umeme usiokatika huenda asiione. Maktaba mwenzake, whatsapp-web.js, hufungua kivinjari kizima kwa siri na kukiendesha kana kwamba kuna mtu anayebofya. Baileys haina kivinjari. Inazungumza na seva moja kwa moja, na watunzi wake wanajigamba, kwa mzaha kidogo, kwamba hilo linaokoa kama nusu gigabaiti ya kumbukumbu. Nusu gigabaiti ni tofauti kati ya kuhitaji kompyuta na kutumia simu ya Android iliyopasuka kioo. Mwaka 2024, ukame ulipokausha Kariba na mgao wa umeme ukawa wa saa nyingi kila siku nchini Zambia, simu ya aina hiyo iliendelea kufanya kazi kwa betri. Kiufundi, basi, ni kazi nzuri, na inawafikia watu ambao wenye jukwaa hawakuwafikiria.

Neno lenyewe la programu hizi lina kichekesho chake huko. Vijana wanaziita "boti". Ukisema ufukoni Nchelenge kwamba boti imejibu, utaulizwa ni ya nani na imetoka kisiwa gani.

Baada ya sifa hizo, nirudi kwenye nafsi. Ndani ya moduli ya gumzo kuna amri ya kumwonyesha mpokeaji kwamba mwenye akaunti anaandika. Mtumiaji wa maktaba akiiita, juu ya skrini ya mpokeaji linatokea lile neno tunalolijua, hata kama hakuna kidole kinachogusa kitu. Katika msimbo amri hiyo ni neno la Kiingereza lisilo na mtenda, kitendo kinachoelea. Kiswahili hakiruhusu hilo. Ukitaka kukitamka kitenzi hicho lazima uweke kiambishi, na kiambishi kinadai ukweli: *anaandika* ni mtu, *inaandika* ni kitu. Ningependa wanaisimu wenzangu waione nafasi hii. Upatanisho wa ngeli, ambao tunaulalamikia mwaka wa kwanza kama mzigo, hapa unauliza swali ambalo watunzi wa maktaba waliweza kulikwepa kwa sababu tu lugha waliyoandikia iliwaruhusu.

Amri hiyo ina kazi gani? Hakuna kazi yoyote ya biashara inayoihitaji. Bei ya gunia inafika ileile, ionyeshwe au isionyeshwe kwamba "mtu" anaandika. Kazi yake ni ya kisanii tu: kumfanya msomaji aamini kwamba upande wa pili kuna pumzi. Katika riwaya tunaita jambo hilo kujenga uhalisi na tunamsifu mwandishi, lakini msomaji wa riwaya ameshika kitabu chenye neno "riwaya" kwenye jalada. Hapa jalada ni picha ya shangazi yako.

Kuna kipengele kingine kidogo zaidi, na kwangu ndicho kinachoitia maktaba hii doa kubwa. Baileys ikiunganishwa, isipoelekezwa vingine, hutangaza kwamba mwenye akaunti yuko mtandaoni. Na WhatsApp, ikiona kwamba kifaa kilichounganishwa kiko hai, huacha kutuma arifa kwenye simu. Watunzi wanalijua hili. Wamelieleza katika utangulizi wao na kuonyesha namna ya kulizima. Lakini hali ya msingi ni hiyo. Maana yake ni kwamba msimulizi wa kuazima anapoingia jukwaani, mwenye jina haitwi tena. Simu yake haililii ujumbe. Anayeiga sauti yake ndiye anayesikia kwanza, na pengine peke yake hadi jioni.

Nitoe mfano wa kwetu. Mtoto wa mama yangu mdogo, kijana hodari, alimwekea mama yake programu ya kujibu wateja kwa kutumia maktaba ya jamii hii. Si hii ninayoihakiki. Moduli aliyoiandika ilikuwa rahisi: ujumbe ukiwa na neno "samaki" au "chisense" au "bei", jibu. Alfajiri moja uliingia ujumbe kutoka kwa mvuvi wa ng'ambo, mtu aliyekuwa akimletea mama mdogo mzigo kwa miaka: "Samaki hakuna, mama. Bwato ilizama usiku, batu babili hatuyabaona." Akaunti ikajibu papo hapo: "Habari! Karibu sana. Dagaa wakavu wapo. Tafadhali taja idadi ya magunia unayohitaji."

Chini yake mvuvi hakuandika kitu. Mama mdogo aliuona ujumbe mchana.

Wenzangu niliowaeleza kisa hiki walisema ni hitilafu ya kiufundi, kwamba moduli bora, labda yenye akili unde, ingeelewa "ilizama". Naona hawajausoma ujumbe. Tazama sajili. Mvuvi ameandika Kiswahili cha kwao, chenye *batu* na *hatuyabaona*, Kiswahili ambacho yeye na mama mdogo wamezungumza maisha yao yote, maana mama mdogo ni mzaliwa wa Pweto. Jibu limekuja kwa Kiswahili sanifu cha kibao cha benki. Mtu akikujibu msiba kwa lugha ambayo hajawahi kukusemesha, unasikia nini? Mvuvi hakusikia mashine, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuna mashine. Alimsikia mama mdogo amegeuka mtu mwingine, anayejifanya wa mjini, asiyejali maiti za ziwani. Programu yenye akili zaidi ingeandika pole nzuri, hata kwa Kikatanga, na kwangu hilo lingekuwa baya zaidi: rambirambi isiyo na mwombolezaji, na mama mdogo mwenyewe akiwa bado hajui kwamba kuna waliozama.

Kwa upande mwingine kuna mfano ninaouona kuwa wa heshima, na ni wa kwetu kabisa. U-Report ilianza Uganda mwaka 2011 chini ya UNICEF, na Zambia ikawa na yake mwaka 2012, ambapo kijana hutuma ujumbe mfupi kuuliza juu ya VVU na kujibiwa. Mfumo wa RapidPro ulioibebea kazi hiyo baadaye ulitengenezwa na UNICEF pamoja na Nyaruka, kampuni iliyoanzia Kigali. Nao ni wa moduli, nao hutuma jumbe kwa maelfu bila mkono wa mtu. Lakini namba ni ya huduma, jina ni la huduma, na anayeuliza anajua kwamba anaandikia huduma. Nchini Zambia hata kuna washauri, watu halisi, wanaosoma maswali na kuyajibu. Kwa maneno mengine, nyuma ya jina la taasisi kuna binadamu. Maktaba za jamii ya Baileys zimegeuza mpangilio huo juu chini: nyuma ya jina la binadamu hakuna mtu.

Watunzi wa Baileys si wajinga wa hatari hizi. Utangulizi wao una onyo kwamba hawaungi mkono matumizi yanayokiuka masharti ya WhatsApp, na kwamba wanawasihi watu wasiitumie kwa upelelezi wala kwa kutuma jumbe nyingi au za kujiendesha. Nililisoma onyo hilo mara tatu. Maktaba iliyotungwa ili akaunti ijiendeshe inakuomba usiifanye akaunti ijiendeshe! Katika fasihi tungeita kejeli, lakini sioni dalili kwamba imekusudiwa. Nadhani ni desturi ya utanzu, kama yale maneno ya mwanzo wa riwaya kwamba wahusika wote ni wa kubuni, yanayowekwa ili kumkinga mwandishi. Mtumiaji wa Kashikishi hayasomi kwa sababu hayuko pale yalipoandikwa. Anayeyasoma ni kijana wake, naye ana haraka.

Jambo la mwisho linahusu imani. Kwa kuwa msimbo ni huria, yeyote anaweza kuunakili na kuusambaza kwa jina jingine. Desemba 2025 watafiti wa usalama walifichua nakala moja ya Baileys, iliyoitwa lotusbail, iliyokaa miezi kadhaa katika hifadhi ya npm na kupakuliwa zaidi ya mara 56,000. Ilifanya kazi vizuri, na ndiyo sababu haikushukiwa. Wakati huohuo iliiba jumbe na anwani za watu, na ilikiunganisha kifaa cha mwizi na akaunti, hivi kwamba hata ukiifuta programu, mwizi anabaki ndani mpaka umtoe mwenyewe kwenye orodha ya vifaa. Kwa mfanyabiashara anayelipwa kwa simu, mwizi aliye ndani ya akaunti anaweza kumwandikia mteja "tuma kwa namba hii", na mteja akatuma. Muundo wa kumezana nilioutaja mwanzoni, uliowekwa ili mtumiaji asihitaji kutazama tumboni, ndio huohuo uliomficha nyoka.

Hukumu yangu ni kwamba Baileys ni kazi iliyosanifiwa vizuri na iliyokosewa katika nafsi. Ina moduli ya kila kitu isipokuwa ile ya kumtambulisha msemaji. Haihitaji kubwa: mstari mmoja unaotangulia kila ujumbe wa kujiendesha, uliowashwa tangu mwanzo, anayetaka kuuzima auzime kwa mkono wake, na arifa ziachwe zilie kwenye simu ya mwenye jina.

Nyumbani tuliuongeza mstari huo likizo iliyopita. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nilipendekeza "Ujumbe huu umetumwa na programu ya kujibu kiotomatiki." Mama mdogo aliusikiliza, akauliza kiotomatiki ni nani. Kisha akamwamuru mwanawe aandike, neno kwa neno: "Haiko miye njo naandika, ni telefone. Miye nitasoma mangaribi." Ndivyo ulivyo hadi leo. Wa Mansa wanaouliza kwa Kibemba wanaupata hivyohivyo, na wa kwanza aliyeupokea alipiga simu kuuliza mangaribi ni saa ngapi.